Miti, Mbao na Majina Yake: Historia Fupi ya Muhokya, Kasese

Utangulizi

Katika vitabu vingi vya kufundishia Kiswahili kuna sura, au walau ukurasa mmoja, kuhusu miti na matumizi yake. Mwanafunzi huambiwa kwamba mninga hutengenezewa samani, mpingo huchongewa vinyago na kutengenezewa ala za muziki, mkoko hutoa boriti, na mvule hufaa kwa milango na madirisha. Orodha hiyo ni sahihi. Hata hivyo, ni orodha ya mahali fulani: imetoka pwani na Tanzania Bara, ikabebwa pamoja na lugha hadi mahali ambapo baadhi ya miti hiyo haioti kabisa.

Mwalimu anayeifundisha orodha hiyo Muhokya, katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, hatapata mkoko hata mmoja wa kumwonyesha mwanafunzi, kwani bahari iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Kwa upande mwingine, nje ya dirisha la darasa lake kuna miti ambayo kitabu hakiitaji. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba orodha ya mbao za mahali popote ni historia ya mahali hapo kwa ufupi. Tunauchukua mji mdogo wa Muhokya kuwa mfano, na tunajiuliza maswali matatu: watu wa hapa wametumia miti gani, kwa kazi gani, na ni matukio gani yaliyobadilisha matumizi hayo? Mwishoni tunaeleza kwa nini jambo hili linamhusu mwalimu wa lugha, si bwana misitu peke yake.

Mahali penyewe

Muhokya iko kusini mwa mji wa Kasese, kando ya barabara kuu inayoelekea Kikorongo. Hapo Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, barabara hugawanyika: moja huelekea Katunguru na Mbarara, nyingine hugeuka magharibi kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako ng'ambo yake ni Kasindi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Magharibi mwa Muhokya inapanda milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake cha juu kabisa, Margherita, kina urefu wa mita 5,109. Mashariki kuna tambarare ya Bonde la Ufa na Ziwa George, lililo kwenye kimo cha mita 900 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtu akisimama Muhokya yuko katikati ya dunia mbili za miti. Juu kuna msitu wa mvua, kisha mianzi, kisha miti ya baridi iliyofunikwa na kuvumwani. Chini kuna migunga, vichaka vya miiba, na ule mti wenye matawi mfano wa kinara cha mishumaa, unaotoa utomvu mweupe unaodhuru macho. Ukingoni mwa ziwa kuna mafunjo na miti myepesi ya majini.

Wakazi nao ni wa namna mbalimbali. Wakonzo ni wakulima wa milimani, Wasongora ni wafugaji wa tambarare, na wapo wavuvi, wafanyakazi na wafanyabiashara kutoka kila upande. Kila kundi lilikuwa na mti wake na kazi yake.

Kabla ya reli

Kiswahili hakikufika katika eneo hili juzi. Mwaka 1889 msafara wa Stanley, ukirudi kutoka Ziwa Albert pamoja na Emin Pasha, ulipita chini ya Rwenzori na kufika Katwe penye ziwa la chumvi. Wapagazi wengi wa msafara huo walikuwa Wazanzibari. Mwaka 1891 Lugard alijenga ngome Katwe, akiiita Fort George, ili kuidhibiti biashara ya chumvi. Tangu hapo Kiswahili kimesikika katika sehemu hizi, wakati mwingine kwa nguvu na wakati mwingine kwa kunong'ona.

Emin Pasha ameacha alama moja ambayo maseremala wa Uganda huishika kila siku pasipo kujua. Mti uitwao musizi, ambao wataalamu wa mimea huuita Maesopsis eminii, ulipewa jina hilo kwa heshima yake. Ni mti unaokua haraka, wenye mbao laini na nyepesi. Hufaa kwa masanduku, dari na kazi za ndani, lakini ukiachwa nje kwenye mvua haudumu.

Je, watu wa wakati huo walitumia miti gani? Tunaweza kutaja kazi nne kuu. Mosi, nyumba. Mkonzo wa milimani alijenga kwa nguzo, fito na mianzi, kisha akakandika udongo. Pili, vyombo. Mfugaji wa tambarare alikamulia na kuhifadhi maziwa katika chombo cha mti kilichochongwa na kufukizwa moshi. Wanyankole hukiita ekyanzi. Chombo hicho huchongwa kwa mti usioharibu ladha ya maziwa, na kujua ni mti upi hauna harufu mbaya ulikuwa ujuzi wa kurithishana. Tatu, usafiri wa majini. Magogo makubwa yalichongwa mitumbwi, na miti myepesi iotayo kando ya Ziwa George iliweza kufungwa pamoja ikawa chelezo. Nne, ngoma. Mti uitwao mringaringa huko Tanzania unajulikana sana Afrika Mashariki kwa kuchongewa ngoma, kwa kuwa ni rahisi kuuchimba ndani na haupasuki ovyo.

Chumvi ya Katwe inastahili kutajwa kipekee. Huko Kibiro, kando ya Ziwa Albert, wanawake wamekuwa wakipata chumvi kwa kuchemsha maji ya chumvi juu ya moto wa kuni. Katwe haikuhitaji kuni: maji hukaushwa na jua katika vidimbwi. Miti ilihitajika kwa kingo za vidimbwi na kwa vyelezo vya kubebea mawe ya chumvi, basi. Tunalitaja hili kwa sababu bidhaa ya pili ya madini katika eneo hili, yaani chokaa ya Muhokya, ni kinyume chake kabisa, kama tutakavyoona.

Hifadhi, mgodi na reli

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 20. Mwanzoni mwa karne hiyo ugonjwa wa malale uliwafanya watawala wa Kiingereza kuwahamisha watu kutoka sehemu za maziwa. Mahali palipoondolewa watu na mifugo, vichaka na wanyama viliongezeka. Mwaka 1952 sehemu kubwa ya tambarare ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga, na mwaka 1954 ikabadilishwa jina na kuitwa Queen Elizabeth baada ya ziara ya malkia huyo. Vijiji kadhaa vya wavuvi vilibaki ndani ya mipaka ya hifadhi au pembeni yake, Kahendero na Hamukungu vikiwa miongoni mwake. Mwaka 1991 mlima nao ukawa hifadhi ya taifa, na mwaka 1994 UNESCO ikauorodhesha kuwa urithi wa dunia.

Matokeo yake kwa matumizi ya miti yalikuwa makubwa. Mti ambao babu aliukata kwa shoka lake mwenyewe, mjukuu aliuona kwa macho tu. Juu ilikuwa hifadhi, chini ilikuwa hifadhi, na watu walibaki katika ukanda wa kati, ambamo Muhokya imo. Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Hapa methali iligeuka: wajenzi walikuwapo wengi, na miti waliiona kwa mbali.

Wakati huohuo mahitaji ya mbao yaliongezeka. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese, na katika mwaka huo mgodi wa shaba wa Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba, ulianza uzalishaji. Shaba ilisafirishwa kwa reli hadi Jinja kuyeyushwa. Mji wa Kasese ulikua pamoja na mgodi na reli. Wafanyakazi walitoka makabila na nchi mbalimbali, na Kiswahili kikapata nafasi ya kuwaunganisha.

Mji wa namna hiyo hula mbao kwa njia nyingi: nyumba za wafanyakazi, milango, vitanda, madawati ya shule, na juu ya yote kuni za kupikia. Mti uliojibu haja hiyo ulikuwa mgeni, yaani mkaratusi. Asili yake ni Australia, na Uganda uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa yake kubwa ni kwamba ukikatwa huchipuka tena kutoka kwenye kisiki, na baada ya miaka michache mwenye shamba huvuna tena. Fimbo za mkaratusi hutumika kujengea, miti yake mirefu huwa nguzo za umeme, na matawi huwa kuni. Leo ni vigumu kuiwaza Kasese bila mkaratusi, ingawa lugha za hapa zilikuwa na miaka yake mingi kabla mti huo haujafika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wa shaba Kilembe ulisimama, na mwishoni mwa miaka ya 1990 garimoshi nalo liliacha kufika Kasese. Lakini watu hawakuondoka, na mafiga yao hayakuzimika.

Tanuri la chokaa

Sasa tufike Muhokya penyewe. Mji huu unajulikana kwa chokaa. Ardhi yake ina mawe ya chokaa, ambayo huchimbwa kwa mikono, huvunjwa vipande, hupangwa ndani ya tanuri na kuchomwa kwa kuni. Moto unapaswa kufikia joto la nyuzi 900 hivi za sentigredi, na kukaa hapo kwa muda mrefu. Katika joto hilo jiwe hutoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa hai. Kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 tu za chokaa. Kilo 44 hupaa hewani. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe, hufumuka na kuwa unga mweupe. Hutumika kupaka kuta, kuchanganya lipu, kutibu udongo wenye asidi na katika kazi nyingine za viwandani.

Msomaji wa pwani atakuwa ameshatambua kazi hii. Unguja, Lamu na Kilwa zilijengwa kwa chokaa ya matumbawe, iliyochomwa juu ya lundo la magogo lililopangwa kwa duara. Wenyewe huliita tanuu. Magogo ya minazi, mikoko na miti mingine yaliteketea ili kuta za misikiti na majumba zisimame. Kwa hiyo mchomaji chokaa wa Muhokya na yule wa Lamu, ambao pengine hawajawahi kusikiana, wanafanya kazi moja, na Kiswahili kina msamiati kamili wa kuieleza: tanuu au tanuri, chokaa, kuni, magogo, majivu. Ni kosa kudhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi za bara. Mara nyingi maneno yapo, ila hayajafikishwa darasani.

Tofauti ya chumvi na chokaa ndiyo tuliyoidokeza hapo juu. Chumvi ya Katwe hukaushwa na jua, ambalo halina bei. Chokaa ya Muhokya hudai kuni, na kuni zina mwenyewe. Kuni hizo haziwezi kuvunwa hifadhini kwa halali, hivyo tanuri hutegemea miti ya mashamba, hasa mkaratusi. Tanuri moja hushindana na mama anayepika, na mvuvi anayebanika samaki, na mfyatua matofali anayechoma tanuru lake. Wote wanne wanalitazama shamba moja la mikaratusi. Uganda ni nchi ambayo zaidi ya kaya 9 kati ya 10 hupika kwa kuni au mkaa. Hivyo bei ya kuni si jambo la wachomaji chokaa peke yao. Ni jambo la kila jiko.

Tangu Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ilipoundwa mwaka 1996, sheria imeruhusu makubaliano ambayo huwawezesha wanavijiji kuchukua baadhi ya mazao ya hifadhi kwa masharti, ikiwa ni pamoja na kuni zilizokauka. Makubaliano hayo hupunguza ugumu, lakini hayaumalizi. Mwanamke anayeingia hifadhini kuokota kuni huingia pia katika njia za tembo na nyati.

Mbao kutoka ng'ambo

Kuni ni upande mmoja wa hadithi. Mbao za seremala ni upande wa pili. Mbao ngumu nyingi zinazotumika katika sehemu hizi hazitoki Uganda. Hutoka katika misitu ya mashariki mwa Kongo, upande wa Beni na Ituri, hupitia Kasindi na Mpondwe, husafiri kwa malori kupitia Bwera na Kikorongo, na nyingine hupita hapo Muhokya zikielekea Kampala na hata Kenya. Zimo mbao za jamii ya mahogani, ambazo wafanyabiashara wengine huziita libuyu, na mbao za mvule.

Wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka ni ndugu. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo wanasikilizana kwa lugha zao, na wanapokutana na wengine hutumia Kiswahili. Ni Kiswahili cha Kongo, chenye ladha yake. Mfano mmoja utawafurahisha wasomaji wa jarida hili. Katika Kiswahili sanifu, makala ni maandishi kama haya mnayoyasoma, neno lililotoka Kiarabu. Katika Kiswahili cha Kongo, makala ni mkaa, neno la Kibantu lenye ndugu yake katika Kinyankole, amakara, na katika makaa yetu ya Kiswahili sanifu. Mwalimu akimwambia mwanafunzi wa Bwera aandike makala, asishangae mwanafunzi huyo akiwaza gunia.

Lakini katika biashara hiyo kuna jambo la kusikitisha. Mbao ikishapasuliwa na kuvushwa, jina la mti hupotea. Hubaki mbao ya Kongo, au mbao ngumu, au mbao nyekundu. Asili imechukua nafasi ya aina. Mnunuzi hajui kama amenunua mti wa kudumu miaka 50 au wa kuliwa na mchwa baada ya mitano. Na si mnunuzi peke yake anayepoteza. Vibali vya mbao, kodi na sheria za uhifadhi huandikwa kwa majina ya miti. Mti usiotajwa jina ni rahisi kuufichia katika mzigo wa mti mwingine. Kwa maneno mengine, jina la mti ni ushahidi, na anayelisahau amempoteza shahidi.

Aina za mbao na matumizi yake

Baada ya kuieleza historia, sasa tunaweza kuandika orodha inayomfaa mwanafunzi wa Muhokya. Si orodha kamili, bali ni mwanzo.

Mkaratusi: kuni, nguzo za umeme, miti ya kujengea, jukwaa la waashi. Hukua haraka. Hunywa maji mengi, hivyo haufai kupandwa karibu na chemchemi.

Mvule: milango, madirisha, mashua, samani nzito. Hustahimili mvua na mchwa. Huchukua miaka mingi kukomaa.

Mahogani (mkangazi na jamaa zake): samani, milango ya kuchonga, mbao za mashua. Rangi yake ni nyekundu ya kahawia na hupokea msasa vizuri.

Musizi: masanduku, dari, kazi za ndani.

Musambya: nguzo za nyumba na za uzio, mipini ya majembe. Hupendwa kwa sababu mchwa hausumbui kwa urahisi. Maua yake ni ya njano, na watu wengi huupanda nyumbani.

Mringaringa: ngoma, mizinga ya nyuki, samani. Hutoa pia kivuli kwa kahawa.

Mtuba: si mti wa mbao hasa, bali wa gome. Gome lake hupondwa likawa nguo, ufundi wa Baganda ambao UNESCO iliuorodhesha mwaka 2008.

Grivilea: mbao za kawaida, kuni na kivuli cha mashambani. Nao umetoka Australia.

Msonobari: mbao laini za paa na za kumiminia zege. Umepandwa kwa wingi nchini tangu mpango wa ruzuku kwa wapanda miti ulipoanza mwaka 2004.

Mwanzi: kuta, vikapu, mambo ya kuegemeza maharage. Kwa kweli mwanzi ni jamii ya nyasi, lakini mjenzi hauulizi mtaalamu wa mimea.

Mti wa gome la dawa: katika msitu wa Rwenzori huota mti ambao wataalamu huuita Prunus africana. Mbao zake ni ngumu na hufaa kwa mipini, na gome lake hutengenezewa dawa ya tezi la kiume inayouzwa Ulaya. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa imo katika orodha ya kudhibitiwa.

Mti na ngeli

Tumefika kwenye kazi yetu wenyewe. Mti, kwa Kiswahili, huhama ngeli kadiri unavyokatwa. Ukiwa umesimama uko katika ngeli ya U–I: mvule, mivule. Ukiangushwa huingia ngeli ya LI–YA: gogo, magogo. Ukipasuliwa kuwa vitu virefu na vyembamba huingia ngeli ya U–ZI: ubao, mbao, ukuni, kuni, ufito, fito, upau, pau. Vipande vidogo vikibaki vinakuwa vya KI–VI: kijiti, vijiti.

Mwanafunzi wa Kasese hahitaji kukariri jambo hili, kwa sababu analo tayari katika lugha yake ya kwanza au ya jirani. Mti wetu ni omuti kwa Kinyankole na wingi wake ni emiti. Ukuni na kuni vina ndugu zao orukwi na enku. Mwalimu anayeanza na kile mwanafunzi alicho nacho atafundisha ngeli ya U–ZI kwa kipindi kimoja, na kipindi cha pili atakifanyia mazoezi.

Wahenga pia walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Wenzo ni gogo linalowekwa chini ya gogo lingine, au chini ya mashua, ili kuliviringisha. Leo tunasema nyenzo za kufundishia tukimaanisha picha, chati na vitabu, na wengi wetu tumesahau kwamba neno hilo lilitoka kwa wakata miti na waunda vyombo. Vilevile ubao wa darasani uliitwa hivyo kwa kuwa ulikuwa wa mbao. Sasa hata ukiwa wa saruji iliyopakwa rangi nyeusi, bado ni ubao.

Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, orodha ya kitabu isitupwe. Mpingo na mkoko ni sehemu ya utamaduni wa Kiswahili, na mwanafunzi wa Uganda ana haki ya kuvijua. Lakini kando yake iandikwe orodha ya pili, ya mahali pa shule.

Pili, wanafunzi watumwe kwa wazee, maseremala na wachomaji chokaa wakaulize jina la kila mti kwa lugha ya nyumbani, matumizi yake, na mahali unapopatikana leo. Safu ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba mti ulikuwapo na sasa haupo.

Tatu, jina lisipopatikana kwa Kiswahili, tusiharakishe kubuni. Musizi na musambya vimeshaingia katika Kiswahili cha Uganda na vinaeleweka. Lugha hukua kwa kuazima kutoka kwa majirani, kama ilivyoazima meza kutoka Kireno na sanduku kutoka Kiarabu. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, swali la Kiswahili hicho kitazitaja vipi mali za nchi si la baadaye tena.

Hitimisho

Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, ukafurika tena mwaka 2014, na mwaka 2020 ukabomoa nyumba nyingi za Kilembe na kandokando yake. Baadhi ya waliopoteza makazi walipewa hifadhi katika kambi ya Muhokya. Mafuriko yana sababu nyingi, ikiwemo mvua kubwa na miteremko mikali, lakini hakuna anayebisha kwamba mteremko usio na mizizi huachilia maji na mawe upesi zaidi. Watu hao walipofika kambini walihitaji kwanza vitu viwili: miti ya kusimamishia vibanda, na kuni za kupikia. Walivihitaji katika mji ambao kuni zake zilikuwa tayari zinagombaniwa na tanuri.

Hiyo ndiyo sababu tunasema kwamba somo la aina za mbao na matumizi yake si somo jepesi la kupitishia wakati. Mtoto wa Muhokya anayeweza kuutaja mti kwa jina lake, akaeleza unafaa kwa nini, unakua kwa miaka mingapi na nani aliupanda, ataweza kesho kuuliza swali katika mkutano wa kijiji, kusoma kibali cha mbao, na kuchagua mti wa kupanda shambani. Asiyeweza atasema mbao tu, na kuni tu. Sisi walimu wa lugha hatupandi miti kwa kazi yetu, lakini majina tunayapanda kila siku. Tuyapande na ya miti iliyo mbele ya darasa.